Kidato cha Pili D Hawana Chumba

Wiki ya pili ya muhula nilikuwa nimeshaipanga ratiba mara tano, na mara zote tano ilinikwamia mahali palepale. Shule yetu ina mikondo ishirini na saba. Vyumba vya kufundishia ni ishirini na sita. Mimi ni mwalimu wa hesabu, kutoa najua, na hata ningetoa kwa mtindo gani, walibaki watoto hamsini na watatu wasio na pa kukaa.

Hao walikuwa Kidato cha Pili D, na tuliwaweka bwaloni.

Asiyewahi kupanga ratiba ya shule hajui inavyochosha. Unatandaza karatasi la manila kwenye meza ya chumba cha walimu, unashika penseli, na kabla hujaandika neno wanaanza kuja. Wa fizikia anataka vipindi viwili vifuatane. Wa Kiswahili hataki hata kusikia habari ya kipindi cha mwisho Ijumaa, maana mwaka jana alipewa hicho na anasema alikuwa anafundisha visogo. Wa dini anataka asubuhi, kwa sababu baada ya chakula Mungu mwenyewe hasikilizwi. Wote wana haki, na wote wanataka saa ileile. Wanafunzi walinibatiza Mama Ratiba, walimu wakalidaka jina, na nyumbani mume wangu naye akalichukua. "Chakula tayari," ananiambia, "au nisubiri kengele?"

Bwalo letu ni refu, lina meza za mbao na mabenchi, na upande mmoja lina dirisha pana la kupakulia chakula. Nyuma ya dirisha hilo ni jikoni. Siku moja nilikuwa nafundisha pembetatu. Nimefika kwenye pembe ya tatu, mfuniko wa sufuria kubwa ukadondoka sakafuni huko ndani, ukazunguka, ukazunguka, ukakataa kulala. Darasa zima likanyamaza kuusikiliza. Ulipotulia, wakaupigia makofi.

Mpishi mkuu akatoa kichwa dirishani.

"Mwalimu, mimi sikuajiriwa nipike kwa kunyata."

"Sijasema kitu, dada yangu."

"Macho yako yamesema. Na hawa watoto waambie waache kuniuliza leo kuna nini. Wananiuliza tangu saa mbili, na jibu ni lilelile la jana."

Siku hiyohiyo kiranja wa darasa alinifuata na barua. Ni msichana mwembamba anayesimama wima kila akizungumza, utadhani anaapishwa. Barua ilikuwa na sahihi hamsini na tatu. Waliomba chumba chenye kuta nne, ubao usioteleza, na harufu isiyowatoa udenda. Ubao wao, niseme ukweli, ulikuwa umeegemezwa kwenye kiti, na kila ukiandika kwa nguvu ulikuwa unakuinamia.

"Nani kaandika hii?" nikamuuliza.

"Sote, mwalimu."

"Watu hamsini na watatu hawashiki kalamu moja."

"Tulipokezana."

Nikaisoma tena barua. Nikaikunja, nikaitia kwenye mkoba.

Kilichokuwa kinaniumiza roho ni kwamba chumba cha ishirini na saba kilikuwepo. Chumba namba tisa kipo kwenye jengo la mwanzo, kina madirisha sita na ubao wa ukutani ambao bado mweusi. Kimefungwa kwa kufuli kubwa lenye kutu, na juu ya mlango kuna kibao: Chumba cha Kumbukumbu za Shule.

Shule yetu ilianza miaka sitini na miwili iliyopita kwenye bohari ya idara ya barabara. Lilikuwa paa la bati juu ya nguzo, kuta hakuna. Wanafunzi wa mwanzo walikuwa wavulana arobaini, na kila mmoja aliambiwa kila asubuhi aje na tofali moja. Mwaka wa tatu jengo la vyumba kumi likasimama. Mabweni yakafuata, halafu uwanja, halafu, mwaka wa kumi na moja, wasichana. Shule ilipotimiza miaka arobaini chumba namba tisa kikajazwa vikombe vya michezo, picha na madaftari ya zamani. Wageni wakakizunguka, wakasifu, wakaondoka. Kikafunguliwa tena labda mara nne. Miaka minane ya mwisho hakuna aliyekanyaga humo.

Nikaenda kwa mkuu wa shule. Mkuu wetu ni mtu mwema, ila akisikia jambo gumu huanza kupanga kalamu zake mezani.

"Mkuu, naomba namba tisa."

Akaanza kupanga kalamu.

"Lile ni suala nyeti, mwalimu. Waliosoma hapa zamani wana hisia zao."

"Hizo hisia zimekalia madawati mangapi?"

"Basi tuunde kamati."

"Tuliunda mwaka jana. Mwenyekiti ulikuwa wewe."

Akanitazama kwa mshangao wa kweli. "Iliamua nini?"

"Haikukaa."

Akaihamisha kalamu nyekundu kushoto, akairudisha kulia. "Ongea na mzee mwenyewe," akasema. "Ufunguo anao yeye. Ila mwandikie barua. Yule anapenda maandishi."

Mzee huyo alikuwa mwalimu mstaafu wa historia. Alikuwa mmoja wa wale wavulana arobaini wa matofali, kisha akarudi kufundisha hapohapo miaka thelathini na minne. Wanafunzi tulimwita Nukta, kwa sababu ungeweza kumweleza vita vyote vya dunia bila kukosea tarehe, ukasahau nukta mwisho wa sentensi, akakukata alama. Nasema tulimwita kwa kuwa mimi pia nilipita mikononi mwake. Anaishi ng'ambo ya uwanja, hatua mia mbili kutoka lango la nyuma.

Nilimkuta barazani. Nikampa shikamoo, akaitikia, nikamkabidhi barua. Akavaa miwani. Akachomoa kalamu nyekundu mfukoni mwa shati. Nikadhani anataka kuweka sahihi, moyo ukafurahi. Akaanza kusahihisha.

"Hapa umeanza sentensi ukaisahau njiani," akasema. "Na hapa mkato uko wapi? Rudia, binti yangu."

Nina miaka arobaini na sita. Nina watoto wawili wanaonizidi kimo. Nilirudi nyumbani nikarudia.

Kesho yake akaniambia neno "kutumia" nimelitumia mara nne katika aya moja. Nikarudia. Mume wangu aliponiona nimeinamia karatasi, akachungulia begani, akasema, "Hii ni adhabu ya siku ngapi?" Sikucheka.

Siku ya tatu mzee alisoma barua yote bila kugusa kalamu. Akaikunja vizuri.

"Sasa imekaa sawa," akasema.

Nikashusha pumzi.

"Na jibu langu ni hapana."

Akaingia ndani, akatoka na barua iliyotiwa kwenye fremu ya kioo. Ilikuwa ya mkuu wa shule wa zamani, marehemu sasa, na ilisema chumba namba tisa kitatunzwa kwa ajili ya kumbukumbu za shule daima. Neno "daima" lilikuwa limepigiwa mstari kwa wino mwekundu. Sijui na nani, ila nakisia.

Hapo ndipo damu ilipochemka. Nimelelewa kuheshimu wakubwa, na mwalimu wangu ni mkubwa mara mbili, lakini siku tatu za mikato na nukta zilikuwa zimenifika shingoni.

"Mwalimu," nikasema, "watoto hamsini na watatu wanasoma hesabu wanatazama masufuria."

"Sisi tulisoma bila kuta. Mvua ikija tunasogea katikati."

"Najua. Ulitusimulia kila mwaka."

"Na hatukulalamika."

"Mlilalamika mpaka mkajenga! Mlibeba matofali miaka mitatu. Mliyabeba ili vikombe vipate pa kulala?"

Akaitazama ile fremu mapajani, akaifuta vumbi ambalo halikuwepo. Kisha akasimama taratibu, akaingia ndani, akarudishia mlango. Hakuubamiza. Angeubamiza ningeondoka na amani.

Nilivuka uwanja nikijisikia vibaya, na hapohapo nimekasirika. Hasira yenyewe sikujua ni ya mzee, ya mkuu, au ya yule aliyeandika "daima" kana kwamba shule haizai.

Siku mbili baadaye ikanyesha mvua ambayo haikubisha hodi. Ilikuwa kipindi cha pili. Bati la bwalo lina matundu tunayoyajua yote kwa mahali pake, lakini siku hiyo yaliongezeka mengine. Maji yalishuka juu ya meza ya kwanza, halafu ya tatu, halafu ubao ukateleza moja kwa moja na kujilaza ndani ya dimbwi. Mpishi mkuu alikuwa anahamisha magunia huku anatukana kwa adabu. Nikawaambia watoto wachukue madaftari waende wakasimame kwenye baraza la jengo la mwanzo mpaka mvua ikatike.

Sikuwaambia wabebe mabenchi. Hilo walijiamulia. Nilipofika barazani niliwakuta wameyapanga mbele ya namba tisa, safu kwa safu, wamekaa na kufungua madaftari, wameutazama mlango uliofungwa. Kiranja alisimama.

"Mwalimu, tuko tayari kwa kipindi."

"Ubao uko wapi?"

"Uko ndani, mwalimu."

Madarasa ya jirani yalikuwa yameshajaa madirishani. Nikamtafuta mkuu. Ofisi imefungwa. Karani akaniambia mkuu ameenda kukagua vyoo vya bweni la mwisho, kwenye mvua ile. Basi nikamwita fundi wa shule, nikamwambia aje na msumeno wa chuma.

"Nani ameruhusu?" fundi akauliza.

"Mimi."

"Kwa maandishi?"

Nilimtazama kwa namna iliyomfanya asiulize tena.

Alikuwa amefika nusu ya kufuli nilipoona mwavuli mweusi unavuka uwanja. Mzee alikuja bila kukimbia, suruali imelowa mpaka magotini, akapanda ngazi, akafunga mwavuli, akaukung'uta.

"Acha," akamwambia fundi. "Hilo kufuli ni la bohari ya barabara. Ni la kwanza katika orodha ya vitu vya kumbukumbu."

Watoto wakacheka. Mimi nilikaribia kulia. Kwa hiyo miaka yote hiyo chumba cha kumbukumbu kilikuwa kimefungwa kwa kumbukumbu!

Mzee akatoa ufunguo. Ulikuwa umefungwa kwenye kitambaa, na nikaelewa kwamba alipotoka nyumbani kwake aliutia mfukoni kwa makusudi. Akauingiza kwenye kufuli. Ukaingia vizuri, ukagoma kugeuka. Fundi alikuwa ameshaupinda upinde wa chuma wa kufuli. Mzee akajaribu, fundi akajaribu, nikajaribu mimi, ufunguo ukakatikia ndani.

Mzee akabaki ameshika kichwa cha ufunguo.

"Tung'oe bawaba," kiranja akasema.

Fundi akamtazama mzee. Mzee akanitazama mimi. "Mng'oe," akasema, "lakini msikwaruze mbao."

Mlango ukashuka mzima, kufuli likiwa bado linaning'inia, ukaegemezwa ukutani. Harufu ya vumbi na karatasi za kale ikatoka kama mtu aliyekuwa anasubiri. Watoto walikusudia kuingia kwa vurugu, nikaona wakipita mlangoni wanapunguza mwendo wenyewe.

Vikombe vilikuwa vimegeuka rangi ya chai. Kulikuwa na kipande cha reli kilichotumika kama kengele, tofali moja kwenye kabati la kioo, daftari la adhabu lenye jalada jeusi, na picha ukuta mzima. Kila kitu kilikuwa na kikaratasi cha maelezo kwa mwandiko wa mzee, na kila kikaratasi kilikuwa na nukta yake. Mchwa walikuwa wamepita pembeni, wakala picha za miaka miwili na nusu ya mashindano ya riadha. Mzee alisimama mbele ya lile pengo kwa muda mrefu. Nadhani hakuwa anajua. Miaka minane alikuwa analinda ufunguo, na mchwa walikuwa wanaingia kwa chini.

Msichana mmoja akaonyesha picha kubwa ya wavulana waliosimama mbele ya nguzo. "Huyu aliyefumba macho ni nani?"

"Mimi," mzee akasema.

"Mbona ulifumba?"

"Mpiga picha alituchelewesha juani. Nilikuwa nimebeba tofali langu tangu nyumbani, na niliogopa nikiliweka chini mwenzangu ataliandikisha kuwa lake." Akavua miwani, akaifuta. "Alikuwepo mmoja aliyekuwa anaiba matofali ya wenzake kila Jumatatu. Baadaye akawa mkaguzi wa shule."

Hapo ndipo alipoanza. Alisimulia juu ya bohari, juu ya mwaka ambao bweni zima lilipata upele, juu ya mgomo wa uji uliodumu asubuhi mbili na kuvunjwa na njaa ya waliogoma wenyewe, juu ya wasichana kumi na wanane wa kwanza waliokataa kusoma mpaka choo chao kiwekewe mlango. Watoto hawakupiga hata chafya. Mimi nilisimama pembeni natazama saa. Kipindi cha pili kilikwisha. Cha tatu kikaanza, kikaisha. Kengele iligongwa, na mzee akainua mkono kuizuia, kana kwamba kengele ni mwanafunzi aliyenyoosha kidole vibaya.

Basi D wakapata chumba, na fundi akaurudisha mlango kwenye bawaba. Kesho yake mzee alileta masharti, kumi na moja, yameandikwa kwa mkono. La tano lilisema mwalimu yeyote haruhusiwi kufuta ubao kwa kiganja. La kumi na moja lilisema apewe kipindi kimoja kwa wiki, kwenye ratiba, kwa maandishi.

"Mwalimu, ratiba imejaa," nikamwambia.

"Wewe ni hodari wa kutoa. Toa."

Nilirudi kwenye karatasi la manila mara ya sita. Fizikia hakugusika. Kiswahili alishaniapia. Mwishowe nilitoa kipindi changu mwenyewe, Jumatano cha saba, na hadi leo sijui nani aliniroga.

Usidhani niliamka siku iliyofuata nimepumzika. Mzee alikuwa anakuja kila asubuhi kuhesabu vikombe. Akikuta mtu anafundisha, anasimama mlangoni na kusema, "Endeleeni, mimi sipo," halafu anahesabu kwa sauti. Mvulana mmoja alinywea maji kikombe cha ubingwa wa mpira, ikabidi kiitwe kikao. Mwalimu wa Kiswahili akalalamika kwamba watoto wanasoma daftari la adhabu badala ya riwaya. Kidato cha Pili A, wenye chumba kizuri kuliko wote, wakaandika barua wakiuliza kwa nini D wana mzee na wao hawana. Mkuu akaniita.

"Naona mambo yamekwenda vizuri," akasema. "Ile kamati imefanya kazi."

Nikaondoka kabla sijajibu.

Katika mtihani wa katikati ya muhula D walikuwa wa tatu kati ya mikondo minne. Walizoea kuwa wa nne. Kiranja aliniletea habari hiyo uso umekunjamana. "Wa tatu tu, mwalimu," akasema, akaenda zake.

Halafu ikaja Jumatano ambayo mzee hakutokea. Goti lilikuwa limevimba, binti yake alituma ujumbe. Nikafurahi, sitaficha. Nilikuwa nyuma kwa mada nzima. Nikachukua chaki nikaingia namba tisa.

"Mwalimu," kiranja akasema, amesimama wima, "hiki si kipindi chako."

"Ni kipindi changu nilichokiazima."

"Kwenye ratiba imeandikwa Kumbukumbu. Ratiba uliandika wewe."

Wengine wakaanza kuguna. Mmoja akauliza, "Si ulisoma hapa, mwalimu? Ulilala bweni gani?"

"La pili. Kitanda cha juu. Fungueni madaftari."

"Maji yalikuwepo?"

Nikasema nitawajibu hilo moja tu. Nikawaambia maji hayakuwepo, bomba lilikuwa moja kwa shule nzima, huko nyuma ya uwanja, na tulikuwa tunapanga ndoo kwenye foleni kabla hakujapambazuka. Nikawaambia kuhusu rafiki yangu aliyekuwa anaweka jiwe kwenye foleni liwakilishe ndoo yake, na siku mtu alipolirusha jiwe lile tukapigana, mimi nikang'oka jino, jina langu likaingia katika lile daftari jeusi. Wakalikimbilia daftari. Wakalipata. Sijawahi kuona darasa limefurahi hivyo, na mimi nikaketi kwenye kona ya meza kuwaeleza kilichoandikwa na kisichoandikwa.

Mlango ulifunguliwa kwa nguvu. Mwalimu wa fizikia alikuwa na vitabu kwapani.

"Mama Ratiba, umeingia dakika kumi na mbili kwenye kipindi changu."

"Samahani, kaka. Namalizia."

"Unamalizia nini? Ubao mtupu!"

Jumatano iliyofuata mzee alirudi na fimbo ya kutembelea. Watoto walikuwa wameshamweleza yote barazani, kwa hiyo alinipokea kwa kutikisa kichwa.

"Bomba halikuwa nyuma ya uwanja," akasema. "Lilikuwa kando ya stoo ya majembe. Umewadanganya watoto."

"Nilichota maji pale miaka minne, mwalimu."

"Na mimi nililisimamia bomba lenyewe likifungwa."

Tukabishana mbele ya darasa mpaka kiranja akasema twende tukaangalie. Mzee akatazama goti lake, akatazama uwanja. Akasema atafika polepole. Watoto wakamwachia nafasi mbele ili asisukumwe, na tukatoka, hamsini na watano, kwenye jua la saa nane.

Bomba hatukulipata popote. Tulipata kipande cha saruji kimefunikwa na nyasi, katikati kabisa ya pale nilipoonyesha mimi na pale alipoonyesha yeye, na kila mmoja akasema ndilo lake.